Gari Lisilo na Mahali pa Mkwe

Gari letu watu wa Voi waliliita Kenge, na sitasema walikosea. Lilikuwa la kijani kilichochujuka, refu mbele, fupi nyuma, na tumbo lake lilikaribia kugusa ardhi. Likitoka kwenye barabara ya shamba la mkonge ulikuwa unaona kwanza vumbi jekundu, kisha taa mbili, kisha kichwa cha mume wangu, na pembeni yake kitambaa changu cha kichwani. Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, mtu wa kuamkiwa na wazazi sokoni. Sasa niambie, mwalimu ataheshimiwa vipi ikiwa mbuzi wakivuka barabara wanamtazama machoni?

Kupanda kulikuwa na nafuu. Kushuka ndiko kulikuwa balaa. Unatoa mguu mmoja nje, unashika mlango, unajivuta juu kutoka kule shimoni, na hakuna sketi iliyowahi kushonwa Voi inayoweza kukusitiri katika kazi hiyo. Wanaume waliokuwa wakikaa kwenye baraza la duka la jirani yetu walikuwa wananyamaza wote, utadhani wanasikiliza taarifa ya habari. Siku moja nikawauliza kama hawana wake nyumbani. Walicheka, wakasema wanao, ila wanakuja sokoni kwa miguu.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa gereji ya shamba. Gari lilikuwa la meneja, Mzungu aliyelileta mwenyewe kwa meli kutoka kwao na kuliendesha Jumapili tu, kwenye lami, kwenda na kurudi, bila safari. Alipoondoka kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia mume wangu funguo. Alimwambia kwamba kama si yeye gari hilo lingekufa zamani. Mume wangu alikuja nyumbani na funguo kwenye kiganja, kiganja kikiwa wazi, kama mtu aliyeokota yai la ndege. Nilimpongeza. Kisha nikauliza watoto watakaa wapi.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Lakini swali lilikuwa la haki, kwa sababu Kenge alikuwa na viti viwili tu. Nyuma ya viti palikuwa na kijinafasi cha kuwekea koti, na juu yake turubai la kukunja. Tulikuwa na watoto wawili. Basi Jumapili baba na mama wanakwenda kanisani na gari, na watoto wanakwenda kwa miguu na mke wa jirani, wamebeba viatu mkononi visichafuke. Tukiwapita njiani walikuwa wanatupungia mkono. Sikuwa najua niangalie wapi.

Yeye mwenyewe aliliita gari la michezo, kwa fahari, kila alipoulizwa. Hilo nalo likatuletea mengine. Mwalimu mkuu wangu aliniita ofisini, mtu mpole sana, akaniomba kwa heshima tuwaazime gari timu ya mpira wa miguu iende kucheza Mwatate. "Si nasikia ni gari la michezo," alisema. Nilimweleza kwamba linachukua watu wawili. Akafikiri kidogo, akauliza kama basi angalau lingeweza kuchukua golikipa na mpira.

Siku bomba la moshi lilipong'olewa na jiwe, tulikwenda Mombasa kutafuta jingine. Tulikwenda tukinguruma njia nzima, watu wakitoka majumbani kutazama. Mume wangu alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, kwa sababu alikuwa anakwenda kwa wakala wa kampuni yenyewe, kwenye duka kubwa la vioo, na alitaka kuingia kama mteja. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka lilikuwa lile lile lililokuwa mbele ya gari letu.

Wakala alitoka nje, akalizunguka gari mara moja, akasema, "Hili si letu."

"Si letu vipi? Si jina lenu hili?"

"Jina ni letu, bwana. Gari si letu. Kampuni haijawahi kuleta gari hili huku, na haitaleta."

Mume wangu akauliza kwa nini. Na yule mtu, sitamsingizia, alijibu kwa adabu. Alisema tumbo la gari liko chini na barabara zetu ni mawe. Vumbi linaingia kwenye injini. Petroli ya huku ndani haina nguvu ambayo injini ile inataka. Tena kampuni ikiuza hata moja inabidi iweke spea zake zote na imfundishe fundi, na nani atanunua la pili? "Mtu wa huku akipata pesa za gari moja," alisema, "ananunua la kubeba watu na magunia. Hizo ndizo tunaleta."

Maneno ya busara yote. Lakini mume wangu alikuwa ameshapiga goti kwenye simenti na suti yake, anamwonyesha pale bomba lilipokatikia, anamwomba angalau atazame. Makarani walitoka na vikombe vya chai mkononi kuja kuona gari lililopotea njia. Mmoja akauliza kama tumelisukuma kutoka Voi. Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akiwa bado amepiga goti, kicheko cha mtu anayetaka wamalize haraka. Mimi nilisogea hadi kwenye dirisha, nikasimama kutazama trekta jipya lililokuwa ndani, kama mke wa mtu mwingine anayesubiri bwana wake. Uso ulikuwa unaniwaka. Nilimwonea aibu, halafu nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu, na hata hivyo sikurudi kusimama karibu naye.

Tulirudi tukinguruma vile vile hadi Maungu. Hapo akasema, "Kwa hiyo wao wanaona sisi ni watu wa magunia."

"Hakusema hivyo."

"Kitu kizuri wanakiacha kwao. Kibovu ndicho chetu."

Alitengeneza bomba jingine mwenyewe kwa kipande cha paipu ya pampu ya maji, na akainua springi, Kenge akapanda kidogo. Lakini neno lile lilimkaa rohoni. Alimuuliza kila mtu kwa nini kampuni inawanyima watu gari ambalo imeshalitengeneza. Mwenzake wa gereji alisema serikali inaogopa watu watawakimbia askari. Jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia kutoka pwani, alimwambia, "Baba, lile gari ni la starehe. Na starehe ya watu wa huku ni kufika waendako." Barazani nao hawakuacha. Lori za mkonge zikipita zimefuatana na sisi tuko nyuma yao tunakula vumbi, lazima mmoja angesema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Mume wangu alikuwa anapunga mkono kana kwamba amesifiwa. Mimi nilikuwa nainama kutafuta kitu ambacho sijakiangusha.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuliona gari hilo na mume wangu ndani yake. Mama yangu.

Mama alikuwa Mkamba, ameishi chini ya vilima vya Sagalla tangu alipoolewa, na shamba lake la mtama na mbaazi lilikuwa kule kule. Sasa kwa Kikamba aibu ni nthoni, na mkwe ni muthoni. Neno ni moja, limezaa mawili. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si chuki hata kidogo, ni heshima ya juu kabisa. Mume wangu ni Mtaita, Mdawida wa milimani. Kwao pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kukimbizana, na mwanzoni alidhani mama hamtaki. Tukienda kumwona, mume wangu alikuwa anakaa nje ya nyumba upande huu wa ukuta na mama ndani upande ule, na wanazungumza kupitia kwangu, huku kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie huyo mtoto wa watu sukari imefika, nashukuru."

"Mwambie mama si neno."

Na mimi nimesimama mlangoni narudia kama kasuku. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu. Mbele ya walimu wenzangu sikuwahi kulitaja jambo hilo.

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, mke wa kaka yangu aliingia uwanja wa shule akikimbia, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini. Mama ameshikwa na tumbo la chini tangu jana, ana homa, anaongea ovyo. Kaka yuko kazini Mombasa. Basi la asubuhi limeshashuka na halipandi tena hadi jioni. Niliacha darasa, nikaenda gereji mbio. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Wifi yangu alibaki, kwa sababu hapakuwa na pa kumweka.

Tulimkuta mama amelala kwenye mkeka, tumbo limevimba na gumu, midomo imekauka. Alikuwa amejifunga leso tatu kiunoni katika joto lile. Nilipotaka kumlegezea alinipiga mkono. Nikamwambia, "Mama, gari liko nje. Twende hospitali."

"Nani analiendesha?"

Alijua ni nani. Hakuna mwingine aliyeweza kuliendesha, mimi nilikuwa sijui hata gia iko wapi. Na hapo, pale mlangoni, ndipo nilipoelewa kwa nini kampuni ile haikuleta gari lile kwetu, wala hakuna haja ya kusingizia mawe na petroli. Mtu aliyelichora alijua kwamba mwenye gari ana mtu mmoja tu wa kwenda naye. Kwetu hakuna mtu mwenye mtu mmoja. Kuna mke, kuna watoto, na kuna mkwe, na mkwe lazima akae nyuma. Kenge hakuwa na nyuma. Mama angekaa bega kwa bega na mume wa binti yake, gia katikati, magoti yakigusana kila akiibadilisha.

"Siendi," alisema mama. "Niache hapa."

"Utakufa, mama."

"Basi nife na nthoni yangu."

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba dunia imeendelea, kwamba huo ni ujinga wa zamani, kwamba watanicheka mimi kwa kumzika mama kwa sababu ya kiti. Alifumba macho tu. Majirani wanawake waliokuwa wamejaa ndani walinitazama, na hakuna aliyenitetea. Nje ya ukuta nilimsikia mume wangu anakohoa. Akasema, polepole, "Mwambie mama nitakunja turubai. Wewe ukae juu, nyuma ya viti, ushike leso katikati yetu. Sitamwona. Sitageuka."

Sikurudia maneno hayo, nilikuwa na hasira. Lakini mama alikuwa ameshasikia. Alizikaza leso zake kiunoni. Kisha akasema, "Mwambie atangulie nyuma ya nyumba hadi nikae."

Wanawake wakambeba. Alipofika mlangoni mwa gari aliomba aletewe gunia, litandikwe kwenye kiti kwanza. Nilikataa. Kiti kilikuwa cha ngozi, laini, mume wangu alikuwa anakipaka mafuta kila Jumamosi. Nilimwambia, "Mama, wewe si mzigo, ukae kama mtu." Aliomba tena, kwa sauti ndogo. Nikamwambia hakuna wakati. Akakaa. Alijifunika kichwa na uso, mume wangu akaja kinyumenyume, akaingia upande wake, na mimi nikapanda juu ya turubai, miguu nimeining'iniza kati ya viti, leso nimeitandaza kwa mikono miwili kama kamba ya nguo.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Voi, mchana kweupe, siku ya soko. Mabega yalikuwa yananikatika. Upepo ulikuwa unaipiga leso na mimi naivuta. Barazani walisimama wote, na mmoja akaanza ule msemo wa msafara, akauacha katikati. Watoto wa shule yangu walikuwa wanatoka kwenda kula. Walikimbia pembeni ya gari wakiimba, "Shikamoo mwalimu," na mimi nikaitikia marahaba, mikono juu, kitambaa kimeanguka shingoni, sketi nimeibana kwa magoti. Nilitamani ardhi ipasuke. Ndani ya nusu saa ile nilikuwa sifikirii tumbo la mama. Nilikuwa nafikiria uso wangu.

Hospitalini ikawa shida nyingine. Gari liko chini, mama hawezi kukunja tumbo, na muuguzi aliyekuwapo alikuwa msichana mwembamba, na mimi mikono imekufa ganzi. Tulimvuta mara mbili, akalia. Muuguzi akamgeukia mume wangu. "Wewe si mwanawe? Unangoja nini? Mbebe."

Mume wangu hakueleza kwamba yeye si mwanawe. Alifumba macho. Akageuza uso pembeni, akainama, akaingiza mikono chini yake na kumwinua, na akaanza kutembea hivyo hivyo, kipofu, akiniuliza mimi njia. "Ngazi iko wapi? Nyoosha? Kulia?" Mimi mbele yake narudi kinyumenyume, namwambia ngazi moja, ngazi mbili, mlango. Wagonjwa kwenye benchi walidhani ana kichaa. Mama alikuwa amejifunika uso wote na leso, hakutoa hata sauti. Alipomlaza kitandani alitoka nje akipapasa ukuta, na hakufumbua macho hadi alipofika uani.

Walimpasua siku ile ile. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka nilipotoka kumtafuta mume wangu. Nilimkuta nyuma ya jiko la hospitali, karibu na bomba la maji. Milango ya gari ilikuwa wazi. Alikuwa amebaki na fulana, na shati lake lilikuwa mkononi limelowa. Alikuwa amepiga goti anasugua kiti cha kushoto, anasuuza shati, anasugua tena. Aliponiona alisimama mbele ya mlango, kunizuia nisione.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mvua iliingia."

Nilitazama juu. Voi haikuwa imeona tone tangu mwezi wa tano. Ndipo harufu ikanifikia, ile harufu ambayo mama aliificha kwa leso tatu. Nikakumbuka gunia.

Mume wangu alirudi kupiga goti. Aliendelea na kazi yake, hakunitazama, na sauti yake ilikuwa ile ile anayoitumia akiwa nje ya ukuta wa mama. "Akiuliza, mwambie mvua iliingia kidogo, na kiti kimeshakauka."

Mama alikaa siku kadhaa hajui yuko wapi. Alipopata nguvu ya kuzungumza hakuuliza wajukuu, hakuuliza shamba. Alisubiri muuguzi aondoke, akanivuta kwa mkono.

"Kile kiti," alisema.

Nikamwambia, "Anasema mvua iliingia kidogo, lakini kimeshakauka."

Aligeuza kichwa akatazama dirishani. Anga lilikuwa jeupe kwa joto, hakuna hata wingu. Alilitazama kwa muda mrefu, machozi yakimshuka hadi sikioni, na hakuyafuta.

"Mwambie," alisema, "hata mimi niliiona hiyo mvua."